Makumbi Aliyoyafukia Mama

Harufu ya makumbi yaliyooza ni harufu ya yai viza, ya tope la chini lisilopata kuona jua, na juu yake chumvi. Mgeni akipita pwani ya Jambiani siku wanawake wanapochimbua, huziba pua akakaza mwendo. Mimi sikuwa mgeni, wala sikuwa mzaliwa. Nilizaliwa Mji Mkongwe, Mkunazini, katika nyumba ya kuta nene ambayo mchana kutwa ilikuwa baridi na kiza kama ndani ya mtungi, na harufu hiyo niliijua kabla ya kujua inatoka wapi, kwa sababu ilikuwa ikija nyumbani katika nywele za mama yangu. Kila aliporudi kutoka kwao alikuwa akikoga, akijifukiza udi, akijipaka mafuta ya asumini, na bado nikimwegemea nilikuwa nikiisikia, chini ya udi na chini ya asumini, imekaa kimya. Baba alimtania kwamba alioa mwanamke akaletewa na shimo lake. Mama alijibu kwamba shimo hilo ndilo linalowalisha wote wawili.

Hakusema uongo. Baba alikuwa fundi wa magodoro. Babu zake walitoka Shihiri, Uarabuni, wakiwa watu wa biashara, wakapata kumiliki shamba la minazi na nyumba zaidi ya moja, na mambo yalivyokwenda vizazi vya baadaye vikabakiwa na ghorofa yetu, chumba cha chini kilichotazama njia, na ufundi wa kushona godoro. Godoro la mwenye nacho lilijazwa sufi. La watu wengine lilijazwa usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Kumbi ni lile ganda la nje ambalo kwengine hutupwa au hutiwa motoni. Wanawake wa pwani ya kusini hulifukia katika mchanga, mahali ambapo maji hujaa na kupwa, wakaliacha humo miezi mpaka nyama yake ioze zibaki nyuzi. Kisha hulichimbua, wakaliponda kwa mti juu ya jiwe, wakaliosha na kulianika, na usumba wake wakausokota kamba au wakauuza hivyo hivyo. Baba alikwenda Jambiani kutafuta usumba, akamkuta Mosi binti wa Bi Kazija ameketi mbele ya rundo lake, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, na akarudi mjini na usumba na posa.

Mama hakuwa na haja tena ya kufukia mwenyewe. Alikuwa mke wa mtu wa mjini, na baba angeweza kununua kwa wengine. Lakini kwao kila mwanamke ana shimo lake, alilolipata kwa mamake aliyelipata kwa mamake, na mtu asiye na shimo huulizwa nani atamtambua. Kwa hiyo kila mwaka alikwenda. Na kila mwaka bibi yangu, Bi Kazija, alimkaribisha kwa lawama. Alisema binti yake amekuwa mtu wa viatu. Alisema anafukia kwa haraka, hatandiki makuti chini, hayalazi makumbi kifudifudi, anayamimina tu kama taka, halafu anatazama jua lilipofika ili asiachwe na gari. Mama alikuwa akinyamaza. Nilidhani ananyamaza kwa sababu hamsikilizi, maana na mimi ndivyo nilivyokuwa nikinyamaza niliposemwa.

Mara ya mwisho alipofukia nilikuwa naye. Ilikuwa mwisho wa kaskazi, siku za bamvua, maji yamekwenda mbali mpaka pwani yote ikabaki mchanga mweupe na vidimbwi. Bibi alikuwa anaumwa miguu, amebaki nyumbani. Mama mdogo Mize, ndugu yake mama, alikuwa upande wa pili katika shamba lake la mwani. Tulikuwa sisi wawili, na tumbo la mama lilishakuwa kubwa kiasi kwamba alipoinama ilibidi atanue miguu. Hakufukia pale pa siku zote. Alisema mchanga wa pale umekuwa mlaini, hauzuii tena, akachimba mahali papya mbali kidogo na mashimo ya wenzake. Kazi yangu ilikuwa kuleta mawe. Alipokwisha kufunika na kupanga mawe juu, aliniambia nisimame pale nitazame nchi kavu.

"Unauona mnara wa msikiti?"

"Naam."

"Umekaa wapi?"

Nikamwambia umekaa baina ya minazi miwili iliyoinama.

"Basi ukiuona umehama," akasema, "ujue na wewe umehama."

Mvua za masika zilipokuwa zimeshika, mama alifariki kwa uzazi, yeye na mtoto. Nasema hivi kwa ufupi kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa, na ndivyo nilivyolibeba. Nakumbuka harufu ya kafuri ikipanda ngazi. Nakumbuka mwanamke nisiyemjua akinivua vipuli, na maji yakitiririka kutoka kwenye dari la uani yakianguka katika sufuria ambayo mtu aliisahau hapo, na mimi nikiisikiliza sufuria inavyojaa. Walimzika alasiri ile ile. Wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo niliona jeneza likitoka mlangoni, limeinamishwa kidogo kupita kizingiti, na baada ya hapo sikuona kitu. Bibi hakuwahi. Barabara ya kusini ilikuwa imejaa maji, akafika mjini mazishi yameshapita, kanga zake zimelowa mpaka magotini, akaketi mkekani pale pale mlangoni.

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Siku zote za matanga nilihisi wanawake wakiningojea. Walikuwa wakinikalisha katikati yao, wakinipapasa mgongo, wakinitazama usoni. Mimi sikuwa na cha kuwapa. Sikuwa na huzuni, angalau si huzuni niliyoijua, ile ya kuchapwa au kunyimwa. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa: unauona ni wako, unaubana, hausikii. Nilikula nilipopewa chakula. Nilijibu naam nilipoitwa. Mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba mtoto ameganda, na mimi nikalisikia neno hilo nikaliona kuwa ni la kweli, nikaendelea kuketi.

Baada ya hitima baba akanipeleka kwa bibi. Hakusema kwa muda gani. Alikuwa mtu mpole asiyeweza kusuka nywele wala kupika wali bila kuunguza, na shangazi zangu walikuwa wamekwisha kuanza kugombana nani atanichukua na nani ana nafasi. Nadhani aliona heri niwe mahali ambapo hakuna anayegombana. Njiani, gari lilipopita msitu wa Jozani, alinionyesha kima punju wamekaa juu ya mtondoo, mmoja na mtoto kifuani, mkia wake ukining'inia. Siku nyingine ningeruka juu ya kiti. Nikatazama nikasema nimewaona. Baba akageuza uso akatazama upande wa pili wa barabara mpaka msitu ukaisha.

Nyumba ya bibi ilikuwa ya mawe na chokaa, paa la makuti, na nyuma yake ardhi ya maweni ambayo ukitembea bila kubadhi inakukata. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye paja lililong'aa upande mmoja kwa miaka ya kusokotea kamba. Aliniangalia, akanipa kanga ya mama ya kujifunika, na kuanzia siku ile hakulitaja jina la mama mbele yangu, wala mimi sikulitaja mbele yake. Haikuwa ugomvi. Asubuhi tulikunywa chai na mihogo ya kuchemsha, kisha yeye akaketi barazani kusokota na mimi nikaketi karibu yake kumpa nyuzi. Kutoka pwani tulisikia wanawake wakiponda makumbi, mti juu ya jiwe, mmoja akipumzika mwengine akiendelea, mpaka adhuhuri. Jioni tulikula. Siku ikapita, na iliyofuata ikapita kama hiyo.

Aliyeshindwa kuvumilia ni mama mdogo Mize. Yeye alikuwa kijana, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika kutoka shamba la mwani mpaka msikitini, na kimya chetu kilimtia homa. Alinifundisha kukuna nazi kwenye mbuzi, alinipeleka kuokota chaza, alinisimulia jinsi mama alivyomtupa kisimani walipokuwa wadogo kisha akaingia mwenyewe kumtoa. Akimaliza alinichungulia machoni. Siku moja alinishika mabega akaniambia, "Lia basi, mwanangu, hata kidogo tu." Nilimwambia sijui nitaanzia wapi. Akaniachia, akaenda kukaa nyuma ya nyumba, akalia yeye.

Masika yakaisha, kipupwe kikaingia, upepo ukawa wa baridi na pwani ikaanza kutoa harufu. Wanawake walikuwa wanachimbua. Kila siku za bamvua mafungu ya makumbi meusi yalipandishwa kutoka majini, na kila mama mdogo alipopita na pakacha lake alimtazama bibi, naye bibi alitazama kamba yake. Mwishowe mama mdogo akasema. Alisema shimo la marehemu limeshaiva, wenzake wote wamemaliza, na likiachwa zaidi litaharibika. Bibi hakuinua uso.

"Mwanangu wamemzika sijafika," alisema. "Kitu chake kilichobaki ardhini ninachokijua kilipo ni hicho. Kiacheni."

"Mama, makumbi yakipita siku zake yanakuwa tope. Utakuwa umeacha tope."

"Nshakwambia. Kiacheni."

Habari ikaenea, kama zinavyoenea habari mahali ambapo watu wote wanateka maji kisima kimoja. Wengine walimuunga mkono bibi. Wengine walisema asiyekuwapo na lake halipo, mwenye shimo ameondoka, na mahali pale pafutwe watu waendelee na mambo yao. Jirani mmoja mkulima wa mwani aliuliza kwa adabu kama anaweza kupiga vijiti vyake hapo. Mwaka ule mwani ulikuwa ndio habari ya pwani nzima, na kila kipande cha mchanga kilikuwa kinatazamwa kwa jicho jipya. Bibi aliyasikia yote. Aliacha kuketi barazani, akahamia uani, na mimi nikahamia naye.

Mama mdogo akaenda kwa mwalimu wa chuo, mzee aliyesomesha kijiji kizima Kurani, akamuuliza. Jawabu lake aliliteremsha nyumbani siku ile ile, amesimama mlangoni bado anahema. Mwalimu alisema makumbi ni mali, na mali ya maiti ni mirathi. Mama yake ana fungu lake humo, na akitaka kuliacha liozee majini hakuna wa kumzuia. Mume ana fungu lake. Lakini fungu la binti ni la mtoto mdogo, na mali ya mtoto haiachwi ikaoza kwa sababu ya huzuni ya mtu mwengine. Nilikuwa nimeshika fumba la nyuzi mapajani. Lilikuwa jambo geni kwangu kusikia kwamba kuna kitu changu. Bibi alinitazama kwa muda mrefu, mara ya kwanza tangu nifike nadhani, kama mtu anayetazama mzigo kujua ana nguvu za kuubeba au hana. Watu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huu haukuwa wa mwenzake.

"Chimbueni," akasema. "Mimi maji siingii."

Tulitoka bamvua iliyofuata, mama mdogo na majirani wachache na mimi. Bibi alikuja mpaka ufukweni, akaketi kwenye gogo la mnazi ameipa bahari mgongo. Wakaenda moja kwa moja pale pa siku zote, wakachoma mchanga kwa mti uliochongwa ncha, na mti ukaingia bila kugusa kitu. Wakasogea. Upepo wa kusi ulikuwa umekwisha kuvuruga pwani yote: mawe yaliyokuwa alama yamebingirika, wakulima wa mwani wameyachukua mengine kukazia vijiti vyao, na mchanga umelala sawa kila mahali kama mkeka uliokung'utwa. Walichoma huku na kule, wakabishana, wakachoma tena. Mama mdogo alianza kusema kwa sauti ndogo, ambayo si yake, kwamba huenda maji yamelifumua, kwamba halipo. Akageuka kumtazama bibi aliyetupa mgongo, na nikaona anafikiria namna ya kwenda kumwambia.

Hakuna aliyeniuliza mimi, wala mimi sikujua kwamba ninajua. Nilikuwa nimesimama katika maji ya vifundoni nikiwatazama. Kisha nikageuka kuangalia nchi kavu, si kwa kusudi, na nikauona mnara wa msikiti uko nje ya minazi, upande wa kushoto, peke yake. Nikatembea. Mnara ukasogea. Nikapita shimo la mtu mwengine, nikapita vijiti vya mwani, nikitembea kinyumenyume na kando kama kaa, mpaka mnazi wa kwanza ukaupita mnara, na mnara ukaingia katikati ukatulia.

"Hapa," nikasema.

Mama mdogo hakuuliza nimejuaje. Alikuja akachoma mti karibu na miguu yangu, ukazama kidogo, ukagota. Alipouvuta, mapovu yakapanda kwenye tundu na harufu ikatoka nayo. Upepo ulikuwa unavuma kutoka baharini, ukaichukua harufu mpaka ufukweni. Bibi akainuka. Alikunja kanga zake mpaka magotini, akaingia majini aliyosema haingii, akaja kwa mwendo wake wa miguu mibovu, na wanawake wakampisha. Aliyaondoa mawe mwenyewe. Alifukua mchanga kwa viganja, na chini ya mchanga yakatokea makuti yaliyokuwa meusi, yametandikwa kwa kupishana, safu juu ya safu. Akayanyanyua. Makumbi yalikuwa yamelala kifudifudi, yote, moja limebanwa na jenzake bila mwanya, na alipotia mkono mpaka chini kabisa akavuta kutoka huko ncha ya kuti jengine.

Alishika kumbi moja, akalibinya kwa kidole gumba. Likabonyea, nyuzi zikajitenga nyeupe na ndefu.

"Kumbe akinisikia," akasema.

Tukangoja. Mama mdogo aliziba mdomo kwa kanga. Bibi aliendelea kulitazama lile kumbi, akaligeuza, akalisuuza katika maji ya shimo, kisha akasema tulete mapakacha kabla maji hayajajaa. Hakulia. Alitoa kila kumbi mwenyewe na sisi tukawa wapokeaji, na jua lilikuwa linaumiza macho, na mikono yangu ikawa myeusi kama nilivyokuwa nikiona ya mama. Nilijinusa. Nilidhani labda sasa. Nilisimama nikakingojea kilichotakiwa kuja, kama unavyongoja chafya, na hakikuja, nikarudi kupokea makumbi.

Kuponda kulituchukua siku nyingi. Bibi alinipa jiwe langu na mti mdogo, akanionyesha mara moja tu jinsi ya kupiga kwa kuuvuta mti kidogo unapoanguka ili nyuzi zisikatike. Mikono ilitoka malengelenge, yakapasuka, ikawa migumu. Siku hizo ndipo alipoanza kuzungumza, si juu ya mama, bali juu ya mashimo. Alinionyesha kwa kidevu lile la fulani na lile la fulani, yupi alirithi kwa nani, yupi alihamia kwa mume akaacha la mamake likafa, na wapi lilikuwa shimo la bibi yake yeye kabla bahari haijalimeza. Alisema huko nyuma kamba za vyombo vyote vya pwani hii zilitoka mikononi mwa wanawake hawa, na kamba za vitanda, na za visima, na za kufungia maiti katika jeneza. Alisema hivyo kwa sauti ile ile anayosemea chumvi na kuni. Mimi niliponda nikisikiliza, na maneno yakaniingia kama maji yanavyoingia mchangani, bila kuacha alama juu.

Baba alikuja usumba ulipokuwa umekauka, umefungwa mafungu. Alimpa bibi shikamoo, akaketi ukingoni mwa baraza kama mgeni. Alikuja kuuliza kuhusu mimi. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na shangazi mmoja alikuwa amekubali kuhamia kwetu, lakini alisema, akitazama vidole vyake, kwamba kama bibi anaona nibaki, yeye hatanivuta kwa nguvu. Mama mdogo alitaka nibaki, na alisema hivyo mara nyingi. Bibi aliiacha chai yake mpaka ikapoa. Kisha aliniita, akaishika mikono yangu akaigeuza viganja juu, akamwonyesha baba.

"Mchukue akasome," akasema. "Kufukia nyie wa mjini hamumfundishi. Kaskazi ikiisha, mlete."

Baba akasema sawa, mama. Akaambiwa usumba wote ni wake na wangu, bibi fungu lake amelisamehe. Aliporudi mjini aliukung'uta na kuuchambua, akasimama dukani na fungu moja mkononi kwa muda mrefu, mteja akimngojea. Hakuuza hata uzi. Alishona godoro moja, mishono ya karibu karibu kama anavyoshonea mabibi harusi, akalitia kitandani kwangu. Lilikuwa gumu, lilichoma kupitia shuka, na siku za mvua lilikumbuka lilikotoka. Nililala juu yake mpaka nilipoolewa. Watu waliosikia habari hii wameniuliza kama nililia siku ya kwanza nilipolilalia. Sikulia. Nililala.

Nilirudi mwisho wa kila kaskazi, na bibi akanilaumu kwa yale yale aliyomlaumia mama, haraka, makuti, kifudifudi, na mimi nikanyamaza. Mwana hutazama kisogo cha nina. Bibi alipofariki nilikuwa mtu mzima, nikawahi, nikamwosha pamoja na mama mdogo, na mwili wangu ulifanya kazi yake vizuri na moyo ukakaa pembeni ukitazama. Nimezoea sasa. Zamani nilidhani kuna mlango uliofungwa siku ile mvua ilipokuwa ikijaza sufuria, na siku moja utafunguka. Siku hizi nadhani ndivyo nyumba yenyewe ilivyojengwa.

Nimeshampita mama umri kwa mbali. Naishi ghorofa ile ile ya Mkunazini. Chumba cha chini kimekodiwa na kijana anayeuza picha za kuchora na vifuko vya viungo kwa watalii, na magodoro ya mji mzima sasa ni sponji linalokuja limebanwa katika nailoni. Mimi nashona foronya na mapazia ya mahoteli. Kamba pia ni za nailoni, rangi ya buluu, na zinatupwa pwani zikiwa bado nzima. Jambiani imekuwa ukuta kwa ukuta, hoteli na hoteli, na minazi mingi imekatwa, hata makumbi yenyewe mara nyengine hununuliwa kutoka vijiji vya ndani. Mashimo yaliyobaki hayafiki hata vidole vya mkono mmoja, na yaliyobaki yamebaki kwa sababu ya wageni. Mama mdogo Mize, aliyezeeka bila kupungua sauti, anaponda mbele yao asubuhi, nao wanapiga picha. Binti yangu Salma anaishi naye. Ndiye anayewatembeza wageni kijijini, anasema Kiingereza na Kifaransa, na anayajua makumbi kwa namna ambayo mimi sikupata kuyajua: anaweza kuyaeleza.

Msimu huu wa kipupwe nilikwenda kuwatembelea, na asubuhi moja nikafuatana nao majini, nikasimama nyuma kidogo ya kundi la wageni. Mama mdogo alikuwa anachimbua. Salma alikuwa anaeleza, mikono yake ikipaa, na wageni waliziba pua huku wanacheka. Mwanamke mmoja mzee, mgeni, hakuwa anacheka. Aliuliza kitu. Salma akafikiri, akanigeukia.

"Mama, eti akifa mwenye shimo kabla makumbi hayajaiva, inakuwaje?"

Mama mdogo aliacha kuchimba. Alinitazama, kisha akatazama chini, mkono wake ungali ndani ya maji meusi.

"Yakiiva yanachimbuliwa," nikasema.

Salma akamgeukia yule mgeni akamtafsiria, na tafsiri yake ilikuwa ndefu kuliko maneno yangu. Yule mwanamke aliitikia kwa kichwa taratibu. Kundi likasogea kwenda kuonyeshwa sabuni za mwani, na Salma akabaki nyuma kunisubiri. Nilimuuliza amewaambia nini.

"Nimewaambia wenzake humchimbulia," akasema. "Kwani sivyo?"

Wakati wangu jambo hilo lilihitaji mwalimu wa chuo, na kijiji kugawanyika, na mwanamke mzee kuvunja neno lake mbele ya watu. Sasa limejibiwa kwa sentensi moja baina ya kituo na kituo, na mtu ambaye hajawahi kusimuliwa. Nilimtazama mwanangu. Nilijipapasa ndani kama nilivyojipapasa mara nyingi, nikakuta kimya kile kile, hakinidai wala hakinifukuzi.

"Ndivyo," nikamwambia. Nikakunja kanga zangu, nikaenda kumpokea mama mdogo makumbi kabla maji hayajajaa.